Presha Handeni, Magoti Korogwe

Jumatatu, 3 Juni 2024
Niko Mazingara, Handeni. Miaka arobaini na mitatu tangu niteremke kutoka kwetu Bungu, mlimani, kufuata kazi ya mkonge. Jumamosi dada yangu Bernadina anajengea kaburi la mama huko. Kila mtoto ataweka jiwe lake. Gari huishia chini. Kilichobaki ni mlima. Shemeji Semboja amesema mimi nitapandishwa kwa machela. Nitapanda bila hata mkongojo.

Jumanne, 4 Juni
Kliniki, Handeni. Muuguzi Fausta hutaka uje na dawa zako zote mfukoni. Nilipeleka za presha na aspirini ya moyo. Akauliza kama ndizo zote. Nikasema ndizo. Za magoti nanunua Korogwe kwa Denis, mwenye duka la dawa, asiyejua kama nina presha. Ni kama wake wawili, kila mmoja na mji wake. Amani tupu.

Jumatano, 5 Juni
Kidonge cha magoti asubuhi, viwili mchana. Nimechuchumaa na kuinuka mwenyewe. Karatasi ya ndani ya boksi inaonya wenye presha. Aliyeiandika hajawahi kupanda Bungu. Nikampigia Semboja kumjulisha. Akasema kuchuchumaa si kupanda mlima, shemeji. Nikaongeza kimoja.

Alhamisi, 6 Juni
Viatu haviingii. Tumbo linaungua. Choo cheusi kama lami. Nadhani ni maharage.

Ijumaa, 7 Juni
Safari ya Bungu. Nimefika Korogwe, dukani kwa Denis, nikakaa chini kwa kizunguzungu. Akapekua mfuko wangu, akaona kadi ya kliniki, akampigia Fausta. Wake wenza wakapatana hapo hapo. Fausta akaomba nipewe simu. Akasema, babu, dawa ya magoti inaidhoofisha ya presha, inajaza maji miguuni. Na ikikutana na aspirini, tumbo linavuja damu. Akauliza nilimdanganya ili iweje. Nikapelekwa hospitali.

Jumamosi, 8 Juni
Wodini. Semboja amepiga simu kutoka kaburini. Alipanda kwa mkongojo, akapumzika mara tisa. Kwa mkongojo! Bernadina akasema walinisubiri mpaka saa nane, saruji ikaanza kukauka. Jiwe langu ameliweka Semboja.

Jumapili, 16 Juni
Niliruhusiwa juzi. Vidonge vya magoti marufuku; nimeapa mbele ya Denis, na kwa Fausta kwa simu. Nimetii. Gari liliposimama Segera nilinunua chupa ya mizizi ya magoti. Si kidonge. Muuzaji hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu. Vijiko vitatu tangu jana. Viatu vimeanza kubana tena.

Bungu sitarudi; jiwe langu limeshawekwa na mtu wa mkongojo.