Kava Rasmi ya Mtaa wa Tumaini

"Wakazi wa Mtaa wa Tumaini, kuanzia leo hakuna gari litakalolala uchi."

Ndivyo Mwenyekiti Patrobas alivyotangaza Jumapili baada ya ibada, akiwa amepanda juu ya kreti ya soda na kushika kipaza sauti alichoazima kanisani. Watu walipiga makofi mengi. Walikuwa wamejifunza kwamba makofi ndiyo pekee yanayoweza kumfupisha.

Kando yake alisimama Musyoka, katibu wa kamati ya wakazi, tai shingoni, akiitikia kila sentensi kwa kichwa kama mtu aliyeiandika. Na kweli aliiandika. Neno "uchi" tu ndilo lililokuwa la mwenyekiti; Musyoka alikuwa amependekeza "bila stara."

Haja ilikuwepo. Mtaa wa Tumaini ni magorofa manne nyuma ya mtaa wa Huruma, na katikati yake kuna uwanja wa kuegesha magari usio na paa wala mti. Jua la mchana hukaanga rangi. Mvua ikinyesha huacha tope jekundu hadi kwenye vioo. Na wale makorongo wakubwa wanaolala kwenye miti ya barabarani hushusha mizigo yao wanapopita juu, mizigo ambayo ikikauka hula rangi mpaka kwenye bati. Wakazi walikuwa wameishi na hayo kwa miaka bila sera yoyote. Kisha ikasikika kwamba Mkurugenzi wa Muonekano wa Mitaa angekuja kutembelea, na ghafla ikadhihirika kwamba magari yanateseka.

Mwenyekiti aliunda Jopo la Stara ya Magari. Aliliongoza mwenyewe, kwa kuwa kabla ya kustaafu alikuwa ameketi miaka mingi katika ofisi fulani akiamua nani aegeshe wapi. Musyoka akawa katibu. Wa tatu alikuwa Teresiah, mama wa duka la pembeni, aliyeingizwa kwa sababu katiba ya wakazi ilitaka mwanamke mmoja, na haikusema asikilizwe.

Ni haki kueleza hapa kwamba Musyoka hakujua kuendesha gari. Ile Starlet nyekundu ambayo watu waliiita ya Musyoka ilikuwa ya mkewe, Mwongeli, aliyeinunua kwa kushona sare za shule, na ambaye kila wiki aliitumia kumpeleka mamake kliniki ya figo. Lakini mtu hahitaji kujua kuogelea ili awe katibu wa mto, na Musyoka aliichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Alikuja kikaoni na sampuli: kava ya Mwongeli mwenyewe.

Mwongeli hakuifikia kava hiyo kwa siku moja. Kwanza alifunika gari kwa nailoni nzito. Mvua ikanyesha, jua likawaka, na chini ya nailoni gari likatokota kama sufuria ya githeri. Viti vikaota ukungu, na vumbi lililonaswa ndani likasugua rangi kila upepo ulipovuma. Baada ya hapo alienda Eastleigh kwa Nurto, muuza vitambaa, wakakaa mchana mzima wakipima. Alirudi na kava iliyopitisha mvuke, laini ndani kama fulana ya mtoto, yenye lastiki pembeni na mikanda miwili ya kupita chini ya tumbo la gari ili upepo usiiondoe.

Mwenyekiti aliishika kwa vidole viwili.

"Unasema inapitisha hewa?"

"Ndiyo, mwenyekiti," alisema Musyoka. "Unyevu usikwame ndani."

"Kwa hivyo ina matundu."

"Madogo sana. Hayaonekani."

"Kitu chenye matundu kinalindaje?"

"Hata neti ya mbu ina matundu," alisema Teresiah.

"Teresiah, hatufuniki mbu." Mwenyekiti aliigeuza ile kava. "Na hii mikanda ni ya nini? Mgeni akiona mikanda atajua hatuaminiani."

Basi jopo likachagua turubai ya buluu, nzito, isiyopitisha hewa, maji wala mwanga, iliyofika mpaka chini na kuburura kidogo kama gauni la bibi harusi. Teresiah aliuliza mtu atatambuaje gari lake. Mwenyekiti alimjibu kwamba huo ndio umoja wenyewe. Kisha akatoa agizo la mwisho, ambalo Musyoka alilisoma getini kwa sauti ya kinanda: ili turubai zisipate mikunjo kabla ya mgeni kufika, asiinue mtu kava, wala kuchungulia chini yake, bila ruhusa ya mwenyekiti.

Kesho yake wenye magari wakaenda kazini kwa miguu. Magari yao yalikuwa salama kabisa.

Mwongeli alikataa. Mamake alikuwa na kliniki, na gari lake lilikuwa na kava. Jopo likaamua kwamba gari lisilo na vazi rasmi liegeshwe nje ya geti, kando ya kibanda cha chapati, ambako mgeni angeweza kudhani ni la mpita njia. Musyoka alimpelekea mkewe uamuzi huo jikoni.

"Unanifukuzia gari?" Mwongeli aliuliza bila kuacha kukatakata sukuma wiki.

"Si mimi. Ni jopo. Hapa nazungumza kwa wadhifa."

"Sawa. Wadhifa ujipikie."

Musyoka alikula mkate na chai usiku huo, na tai yake ilimkaba kuliko kawaida. Lakini alijiambia kwamba watumishi wote wa umma huonewa nyumbani.

Siku mbili kabla ya mgeni kufika, mchana kweupe, alikuwa akipita uwanjani alipoona turubai ya mwenyekiti ikitikisika. Gari la mwenyekiti lilikuwa kubwa, jeusi, jipya, na lilikuwa limewekwa mbele kabisa ili lizinduliwe kwa niaba ya mengine. Chini ya turubai zilitokeza jozi tatu za buti. Kulisikika chuma kikigonga chuma, na mtu akipiga mluzi wa wimbo wa ibada.

"Hao ni kina nani?" alimwuliza Mumo, askari wa geti.

"Mafundi wa mkubwa. Wamesema wanaandaa gari ya mgeni."

"Umewaona nyuso?"

"Nimewaona viatu. Nyuso ziko chini ya kava, na umesema tusichungulie."

Mkono wa Musyoka ulishika ncha ya turubai. Moyo ulimwambia ainue. Halafu akakumbuka jinsi alivyolisoma agizo lile getini, na jinsi watoto walivyonyamaza kumsikiliza. Akaiachilia ncha, akapanda ngazi hadi nyumbani kwa mwenyekiti. Alimkuta akifanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo.

"Mwenyekiti, chini ya kava yako kuna watu. Na kuna sauti ya chuma."

"Hiyo ni turubai ikijikaza kwa jua. Kava nzuri hulia."

"Nimeona buti."

"Musyoka, agizo ulilisoma wewe. Linasemaje?"

"Isiinuliwe bila ruhusa yako."

"Nimetoa ruhusa?"

"Bado."

"Basi usiniharibie mikunjo."

Musyoka alishuka. Vijana watatu wenye ovaroli walikuwa wameshatoka chini ya turubai na walikuwa wakibiringisha matairi kuelekea getini. Nyuma yao kulikuwa na mkokoteni uliojaa magunia.

"Niaje, mkubwa," mmoja alimwambia kwa adabu. "Tunapeleka miguu ikasafishwe. Mgeni hawezi pata gari na viatu chafu."

Ilikuwa na mantiki kuliko mengi aliyoyasikia wiki hiyo. Kwa kuwa Mumo alikuwa na chai mkononi, Musyoka mwenyewe alishika geti likae wazi. Turubai nyuma yake ilikuwa imenyooshwa vizuri, bila kunjo hata moja.

Siku ya uzinduzi Mkurugenzi alifika na miwani ya jua na watu wawili wa kumbebea simu. Alitazama safu ya maumbo ya buluu akasema mtaa huu ni mfano kwa mitaa mingine. Mwenyekiti alihutubu hadi jua likahama. Kisha akashika pembe ya turubai ya gari lake, akaivuta kwa nguvu.

Gari lilikuwa limekaa juu ya mawe manne. Halikuwa na magurudumu, taa, vioo vya pembeni, usukani wala viti. Boneti ilikuwa wazi, na mahali pa injini paka alikuwa akinyonyesha watoto wake. Rangi tu ndiyo iliyobaki, nayo ilikuwa imetutumka malengelenge kwa joto la wiki nzima.

Mkurugenzi aliinua mikono apige makofi, akaona hakuna mwingine anayepiga, akaishusha.

"Kava iko sawa, mkubwa," alisema Mumo akiikagua. "Hakuna mtu ameigusa."

"Nimeuona muonekano," alisema Mkurugenzi, akaondoka na watu wake wa simu.

Mwenyekiti alikaa chini juu ya moja ya yale mawe, akainuka haraka gari lilipoyumba. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na magari mengine, yalipofunuliwa, betri zilikuwa zimekufa kwa kukaa. Ndipo Mwongeli alipotokea nje ya geti akimsaidia mamake kuingia kwenye Starlet. Akamwita mwenyekiti.

"Tunapitia kituoni, mzee. Ingia nyuma, mkae na katibu wako. Samahani, kava yangu iko hapo kitini, itabidi muipakate."

Kituoni, sajini alisikiliza bila kuinua macho.

"Kuna aliyewaona hao watu?"

"Hakuna," alisema mwenyekiti.

Musyoka alikohoa. Mwongeli alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, akimngoja amalize ili wasichelewe kliniki.

"Tuliwaona," alisema Musyoka. "Ilikuwa mchana. Nilisikia wakifungua boliti. Nikawashikia geti."

Sajini sasa aliinua macho. "Kwa nini hukufunua uangalie?"

Sentensi ilikuwa tayari kinywani mwake, ile ya siku zote: kwa mujibu wa azimio la jopo. Aliimeza. Akafungua tai, akaitia mfukoni.

"Nilienda kumwambia mzee huyu hapa. Akanikataza kufunua. Alikuwa amekataza mtaa wote. Na mimi mjinga nikamsaidia kukataza."

"Alikuwa akijua kuna watu ndani?"

"Nilimwambia kuna buti."

Sajini alimgeukia mwenyekiti, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akavuta kiti chake karibu.

"Mzee, gari imekatiwa bima?"

"Bima kubwa," alisema mwenyekiti kwa fahari iliyomtoka kabla hajaizuia.

"Na wewe mwenyewe ukaamuru mtu yeyote asiangalie ikivuliwa." Sajini alifungua ukurasa mpya. "Keti hapo kwenye benchi. Nitaanza na wewe."

Kwenye benchi alikuwa amekaa kijana mmoja aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani. Alisogea ukutani kwa heshima ili mwenyekiti apate nafasi.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia. "Wewe umeletwa na nini?"