Somo Lililoisha Kabla ya Kuanza

Watu wa Arua, watu wa Koboko, na ninyi mnaopita tu na malori yenu kwenda mpakani Vurra, furahini: elimu imepanda hewani!

Ndivyo ilivyotangazwa redioni Jumatatu asubuhi, na aliyetangaza ni Bwana Kasimiro mwenyewe, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Darasa Hewani. Kuanzia siku hiyo, alisema, kila somo litafundishwa mbele ya tableti, na kila tableti itaripoti kwa Mfumo. Mfumo ndio utakaojua nani amefundisha, wapi, na saa ngapi. Mwalimu asiyeonekana na Mfumo, huyo hakufundisha. Mtoto asiyeonekana na Mfumo hakujifunza, hata kama anakusomea gazeti zima bila kukwama. Na mkaguzi asiyeonekana na Mfumo hayupo. Akikosekana namna hiyo, mwalimu apite moja kwa moja, maana ofisi imechoka na wakaguzi wanaokagua wakiwa kitandani.

"Mfumo haudanganyi," akamalizia, na redio ikarudisha muziki.

Paska aliisikia habari hiyo akiwa bwenini, chuo cha walimu pale Arua, mguu mmoja una soksi na mwingine bado. Alipiga kelele mpaka Candiru, anayelala kitanda cha chini, akaamka.

"Candiru! Tutafundisha hewani!"

"Wewe hata chini hujafundisha," Candiru akasema, akageukia ukuta.

Kweli, lakini Paska alikuwa ameshapata mafunzo kamili ya zana za mtandao. Chuo kilikuwa na kompyuta moja, na siku ya mafunzo umeme ulikuwa umekwenda, kwa hiyo mkufunzi aliwafundisha kwa mdomo. "Sasa fikirini mmebonyeza," alisema. "Tumebonyeza!" wakaitikia. "Imefunguka?" "Imefunguka!" Wote walifaulu vizuri sana.

Kilichobaki ni mazoezi ya kufundisha, na Paska alipangiwa shule ya msingi moja huko Koboko, kule juu ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakaribiana kama watu waliobanana kwenye benchi la kanisa. Somo la mwisho lingekaguliwa na Bwana Kasimiro, na lazima athibitishe mwenyewe kwenye tableti yake. Asipothibitisha, Paska anarudia mwaka. Na kurudia mwaka, jamani, ni kulala mwaka mwingine juu ya Candiru, anayekoroma kama mashine ya kusaga muhogo.

Mwalimu mkuu wa shule ile anaitwa Swadiki, mtu mpole, kofia yake haijawahi kukaa upande. Alimpokea Paska vizuri, akamtembeza.

"Mwalimu, ukitaka mutandao ya Kongo, simama hapa kwa dirisha ya darasa. Ukitaka ya Sudani, enda kwa mulingoti ya bendera."

"Bendera ya Uganda?"

"Ndiyo. Bendera iko ya Uganda, mutandao iko ya Sudani."

"Na mtandao wa Uganda?"

Swadiki akakohoa kidogo. "Hiyo iko juu ya kichuguu. Nyuma ya jikoni. Kichuguu ya Mama Laetitia. Lakini vua viatu, ule mama hapendi mutu akanyage kumbikumbi yake na viatu."

Mama Laetitia ni mpishi wa shule, mtu wa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kongo, upande wa Aru, na kichuguu kile alikihesabu kuwa chake kuliko hata sufuria zake. Paska alivua viatu, akapanda, na pale juu, ting! namba ya kufungulia Mfumo ikaingia. Namba hiyo ilikuja kwa mtandao wa Uganda tu. Akabonyeza "Anza," saa tatu kamili asubuhi, akashuka mbio, akaingia darasa la nne, akafundisha hesabu za sehemu mpaka jasho likamtoka. Kengele ilipolia, yaani ringi ya gari inayopigwa kwa nondo, akasogea dirishani, akabonyeza "Maliza."

Sasa angalieni. Laini za tableti zote zilikuwa zimefunguliwa zivuke mipaka, kwa sababu Bwana Kasimiro alipenda sana semina za nje. Basi pale dirishani tableti ikashika Kongo, kwa adabu tu, na ikajirekebishia saa. Na majirani zetu wote wawili wako saa moja nyuma yetu.

Mfumo ukaandika: *Hongera! Somo lako limeisha dakika ishirini kabla ya kuanza.*

Paska akaisoma mara mbili. Akampigia Candiru.

"Candiru, nimekwisha! Nimemaliza kabla ya kuanza!"

"Umekunywa nini huko?"

"Uji!"

Lakini ofisi haikukasirika. Ofisi ilifurahi mpaka ikakaa kikao. Ijumaa Bwana Kasimiro alikuwa tena redioni, sauti imejaa kama mtu aliyemeza ngoma. Alisema amepatikana binti Koboko anayetumia muda ulio chini ya sifuri. Alisema hii ni Mbinu ya Koboko, na walimu wote waige. Walimu waliiga. Mmoja mjini aliacha kufundisha kabisa, lakini hata yeye aliishia sifuri. Chini ya sifuri ilimshinda.

Paska ni mkweli, akapiga simu ofisini.

"Mkubwa, mimi si hodari. Ni saa ya Kongo tu. Darasa letu linashika Kongo."

"Binti," Bwana Kasimiro akasema, "unyenyekevu ni mzuri, lakini usitumie muda wa ofisi. Nitakuja mwenyewe kuithibitisha mbinu hiyo. Je, Mfumo unadanganya?"

"Hapana, mkubwa."

"Basi."

Huko darasani watoto walikuwa wameshazoea maisha mapya. Anayetaka kuchungulia jikoni kama uji umeiva anainua mkono: "Mwalimu, naomba ruhusa kwenda Uganda." Na Paska anamjibu, bila kucheka, "Maliza hesabu kwanza."

Siku ya ukaguzi ikafika, na usiku wa kuamkia mvua ilikuwa imenyesha ile ya kuosha kila kitu, halafu jua likatoka kali. Kila mtu wa huku West Nile anajua maana yake: leo kutakuwa na kumbikumbi wa kukaanga. Paska alikuwa juu ya kichuguu, miguu mitupu, saa nne kamili, ndiyo kwanza amebonyeza "Anza," aliposikia honi ya gari la ofisi langoni, na hapo hapo akasikia sauti chini yake.

"Mwalimu, shuka mbio! Niko natandika!"

Mama Laetitia alikuwa amebeba fito, blanketi, turubai na sufuria kubwa ya shule. Paska hakuwa ameweka hata kisigino chini, kichuguu kikafunikwa kama mgonjwa wa malaria, na mama akaanza kupiga jerikeni kwa vijiti, tak-tak-tak, ili kumbikumbi wafikiri ni mvua, watoke.

Bwana Kasimiro aliingia darasani na suti ya rangi ya mchanga na tableti kifuani kama Biblia. Watoto wakasimama. Tableti yake ikalia, akaitazama, akatabasamu.

"Watoto, sikilizeni Mfumo unavyosema kuhusu uongozi. Niliondoka Arua saa tatu kamili. Nimefika hapa..." akasogeza macho karibu, "saa tatu kamili! Mnaona kasi?"

Watoto wakapiga makofi. Wao waliondoka nyumbani alfajiri.

Somo la siku hiyo lilikuwa kusoma saa. Paska alichora saa kubwa ubaoni, na Bwana Kasimiro, ili aonekane anakagua, akamnyooshea kidole msichana wa mbele, Keji, ambaye familia yake ilitoka Yei, Sudan Kusini.

"Wewe. Sasa hivi ni saa ngapi?"

Keji akasimama, akafikiri kwa heshima.

"Wapi, mkubwa?"

"Wapi nini?"

"Hapa kwa dirisha, ama kule kwa kichuguu?"

Swadiki, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatengeneza kofia ambayo haikuwa imeharibika.

"Sahihi," Paska akasema kwa sauti ndogo, kwa sababu ilikuwa sahihi.

Bwana Kasimiro aliamua hilo ni swali la kitaalamu mno, akafungua tableti ili athibitishe somo, aende akapate chai. Akabonyeza. Tableti ikakataa. Akabonyeza tena. Maandishi yakaja, marefu, mekundu, na yote kwa Kifaransa.

"Ni lugha gani hii?"

"Ya Kongo, mkubwa," watoto wakajibu kwa pamoja. "Wewe iko Kongo."

"Mimi niko hapa!"

"Ndiyo. Hapa."

Paska alijikuta anasema kwa haraka, maana aliuona mwaka mzima wa kukoroma kwa Candiru unakuja kama lori lisilo na breki. "Mkubwa, twende kichuguuni. Ukipanda juu utarudi Uganda, utathibitisha, tutakuwa tumemaliza. Tuwahi, kengele iko karibu."

Wakatoka wote, na darasa zima nyuma. Kichuguu kilikuwa chini ya blanketi, na Mama Laetitia mbele yake, tak-tak-tak.

"Mama," Bwana Kasimiro akasema, "kwa mamlaka ya Ofisi ya Darasa Hewani, ondoa kifuniko hicho. Nahitaji nafasi ya juu kwa shughuli za kimfumo."

"Hapana, baba. Kumbikumbi iko natoka."

"Huelewi! Nahitaji kurudi Uganda!"

Mama Laetitia akanyoosha kijiti kuelekea lango. "Njia ni ile."

"Basi walau nisomee hapa. Wewe unajua Kifaransa."

Mama akafuta mkono kwenye kitenge, akainama, akasoma taratibu huku mkono mwingine unaendelea na jerikeni.

"Banasema: Bwana Kasimiro, karibu ku inchi yetu. Halafu banasema: wewe mukubwa wa ofisi umetoka ku Uganda bila ruhusa, mu saa ya kazi. Kazi yako inasimama." Akainua macho. "Pole, baba. Unafanyaka kazi gani?"

"Huu ni uongo!" Bwana Kasimiro akapiga kelele. "Mfumo unadanganya!"

Hata jerikeni ilinyamaza. Swadiki akasema polepole, kama mtu anayeokota kitu kilichodondoshwa na mgeni, "Mkubwa, ni wewe ulisema kwa redio..."

"Najua nilichosema kwa redio!"

Na hapo kengele ikalia. Kanuni inasema kengele ikilia, mwalimu abonyeze "Maliza." Paska alikuwa na tableti mkononi, chini ya kichuguu, na chini ya kichuguu bado ni Kongo. Alimtazama mkaguzi. Mkaguzi alikuwa amekamata kona ya blanketi, na Mama Laetitia amekamata kona nyingine, wanavutana. Akafumba macho, akabonyeza.

*Somo limeisha dakika ishirini kabla ya kuanza. Mkaguzi hayupo. Mwalimu amepita. Hongera!*

"Nimepitaaa!" Paska akaruka, akamkumbatia Keji, akamkumbatia Swadiki, kofia ikakaa upande kwa mara ya kwanza. Blanketi likachomoka, Bwana Kasimiro akakaa chini nalo, na kumbikumbi wakatoka kama wingu, wakajaa hewani, wakajaa kwenye nywele, wakajaa kwenye mifuko ya suti ile ya rangi ya mchanga. Watoto wakawaokota huko huko mfukoni. Siku hiyo elimu ilikuwa hewani kweli, na ilikuwa tamu na chumvi kidogo.

Bwana Kasimiro alirudi Arua jioni ile, akaingia ofisini kwake kwa miguu yake, akasimama mbele ya meza ya karani.

"Nimerudi."

Karani akaangalia Mfumo. "Bwana Kasimiro yuko Kongo," akasema kwa upole. "Akirudi tutakujulisha."

Alibisha, alilia, aliandika kwa Mfumo, na Mfumo ulimjibu kwa Kifaransa. Mwishoni ofisi ilimwonea huruma ikamtafutia njia: mtu aliyefutwa anaweza kusajiliwa upya akimaliza mafunzo ya zana za mtandao darasani, pamoja na mazoezi, kwenye shule inayoongoza kwa ubora. Na shule inayoongoza, kama mnavyojua, inamaliza kabla ya kuanza.

Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata, muhula ukiwa bado haujaisha, Paska alimkuta ameketi benchi la nyuma kando ya ndoo ya maji, magoti yamefika kidevuni. Akaita majina.

"Kasimiro!"

"Nipo!"

Watoto wakageuka wote, wakaangalia tableti aliyoishika, wakaitikia kwa pamoja, kwa adabu njema kabisa: "Hayuko!"

Yule mkubwa akaangalia dirisha, akaangalia ubao, akaangalia moshi wa jikoni kule nyuma. Kisha taratibu, kama mtoto yeyote mwenye haja, akainua mkono.

"Mwalimu, naomba ruhusa kwenda Uganda."

"Maliza hesabu kwanza," Paska akasema.