Upande wa Kupandia Farasi

Jumatatu, 3 Juni
Leo nina mengi ya kushukuru. Kwanza marehemu mjomba, aliyeniachia picha zake za kale za farasi na wapandaji. Zilichongwa kwenye bamba la shaba, zikapigwa chapa. Mchwa wamekula fremu tu, Mungu awabariki. Pili mchumba wangu. Kanidokeza kuwa baba yake, mwenye zizi la farasi, hatamwoza kwa asiyejua kupanda farasi. Jaribio Jumamosi. Nikamwambia atulie, mimi nimezaliwa juu ya tandiko. Sijawahi hata kugusa farasi. Lakini picha ninazo!

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi sebuleni, juu ya kochi la dada. Picha zinaonyesha wazi: unasimama kulia kwa farasi, unatanguliza mguu wa kulia. Tena panga zote zimefungwa kiunoni upande wa kulia. Kumbe waungwana wa zamani wote walikuwa mashoto! Dada, ambaye kazi yake ni kuchonga mihuri, akaanza kunieleza kitu kuhusu picha hizo. Nikamwambia ashike mihuri yake. Mara kochi, kwaa! Mguu wake mmoja umevunjika. Hakunifukuza. Dada wa kushukuriwa huyu.

Jumamosi, 8 Juni
Mzee kanitolea farasi jike wa kijivu, mpole kuliko wote. Nikapiga moyo konde, nikaenda kulia. Mzee akakohoa, akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kuwa ndiyo desturi ya waungwana. Farasi akageuka kunitazama. Nikaruka. Naye akazunguka! Nikaangukia tandiko kwa tumbo, kichwa huku, miguu kule. Akanibeba hivyo hivyo hadi kwenye hodhi la maji, akainama kunywa. Nikaingia mzima mzima, na viatu.

Nilidhani ndoa imeota mbawa. Nikatoka nachuruzika, nikamshukuru farasi kwa kunishusha pasipo mawe. Mchumba alikuwa kaketi chini kwa kicheko. Mzee anafuta machozi. Akasema hajacheka hivyo tangu afiwe na mkewe, na kwamba anayetoka hodhini akishukuru ataweza kuishi na binti yake, maana ana hasira huyo! Akaniambia niwalete wazee wangu. Nimelia, sioni haya kusema.

Jumapili, 9 Juni
Dada kanieleza, safari hii nikasikiliza. Picha ya kuchongwa ni kama muhuri: kilicho kushoto kwenye bamba hutokea kulia kwenye karatasi. Farasi hupandiwa kushoto! Asante sana, dada. Nikazipeleka picha zote mbele ya kioo. Zimenyooka. Sasa hakuna nisichokijua.

Nimeshampelekea mkwe habari: siku ya harusi nitaingia juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kama yule bwana wa kwenye picha kubwa. Mazoezi yanaanza leo. Nashukuru kochi limeshapigwa msumari.