Pete ya Kufukuza Chokaa

Rüdiger Pfannkuch alimwona yule bibi sokoni, Stuttgart, kikapu kimejaa chupa za siki, akajua papo hapo kwamba riziki imejileta yenyewe. Chupa moja ni ya kachumbari. Kikapu kizima ni cha kung'oa chokaa kwenye mashine ya kufulia. Maji ya mji ule yana chokaa ya kutosha kupaka nyumba, na mtu anayeogopa chokaa, Rüdiger alipenda kusema, huna haja ya kumdanganya. Unamsaidia tu kuogopa.

Isitoshe, alikuwa na shida. Mashine yake mwenyewe, bingwa huyu wa mashine, ilikuwa imekufa wiki ile ikiwa na tumbo lililojaa sarafu, vifungo na vibanio vya nywele vya mke aliyekwisha kumkimbia, kwa sababu tangu ainunue hajawahi kulifungua chujio. Koti lake jeupe la ufundi lilikuwa limebakiza siku moja ya usafi. Na tapeli mwenye koti chafu ni kibaka tu, hafunguliwi mlango.

Basi akamfuata bibi hadi kwake, akasubiri saa saba ya mchana. Hapo, kwa kanuni za nyumba, jengo zima linanyamaza mpaka saa tisa: haupigwi msumari, haipulizwi tarumbeta, haiwashwi mashine. Rüdiger alizipenda saa hizo za kimya kuliko alivyompenda mkewe. Ndani yake hakuna mteja aliyewahi kumwambia, "Hebu washa tuone."

"Ukaguzi wa chokaa, mama," alinong'ona mlango ulipofunguliwa.

Bi Walburga Schlotterbeck alimtazama koti, kisha viatu, kisha koti tena. "Mungu amekuleta," akasema. "Twende chini."

Chini, katika chumba cha kufulia cha jengo, zilisimama mashine mbili za bibi: mpya ya kwake, na kuukuu ya marehemu mumewe, iliyosuguliwa ikang'aa kama jino la dhahabu. Rüdiger akapiga magoti mbele ya ile kuukuu, akapenyeza mkono nyuma yake, akaguna, akautoa na koili ya kupashia maji iliyovimba chokaa. Koili hiyo ilikuwa imelala ndani ya mkono wa koti lake tangu asubuhi. Mashine iliyong'olewa koili itapashaje maji? Hakuna mteja aliyewahi kuuliza.

"Yesu wangu! Hilo limetoka humo?"

"Humo humo, mama. Nimekuwekea nyingine. Lakini bila pete hii, utanikumbuka." Akatoa pete ya sumaku, akaivalisha kwenye mpira wa maji. "Chokaa ikiiona tu inageuza. Mashine hii sasa itadumu miaka ishirini."

"Ishirini!"

"Ikifa kabla, njoo unidai kaburini."

Bibi akashusha pumzi. "Lakini wewe ni fundi, baba. Utaiacha hivi? Imesimama upande. Na mpira wa mlango unanuka. Na chujio je?"

Rüdiger alikuwa na mazoea ya kuuza kinga, si kuifanya. Hata hivyo noti zilikuwa karibu, naye akajikuta amelala kifudifudi, anaikaza miguu ya mashine mpaka ikakaa sawa, anaufuta mpira, anafungua chujio. Maji meusi yalitoka kwa nguvu, yakamwogesha kuanzia kola hadi kiunoni.

"Ole wangu, koti la watu!" bibi akapiga makofi taratibu, maana ni saa za kimya. "Si utalifua leo? Mashine unayo?"

"Iko... kwa fundi."

"Kwa fundi? Na wewe nani?"

Rüdiger akalikamua koti, maji meusi yakachuruzika.

"Basi mwanangu, mimi mashine mbili za nini? Hiyo umeshaitengeneza, ina pete, ina miaka ishirini. Nipe mia mbili tu, ya maua ya kaburi la mzee."

Mia mbili! Rüdiger aliuma shavu asicheke. Mashine ya namna ile ni mia tano popote. Kumwibia kizee huku anakushukuru, hiyo ndiyo sanaa. Akanyoosha kidole kwenda kwenye kitufe, aonje mlio wake.

"Shhh!" Bibi alitoa macho. "Saa nane mchana?"

Na mtu huyu, aliyewakamua wajane wa wilaya tatu kwa kitambulisho alichokichora mwenyewe, aliurudisha mkono na kuona haya mpaka masikioni. Kuiba, sawa. Kuwasha mashine saa nane mchana, hapana, yeye si mshenzi. Fundi wa kweli angeizungusha ngoma ya mashine kwa mkono, kimya kimya, asikilize. Yeye alilipa. Rukwama ilikuwa tayari mlangoni, na hakujiuliza ilikuwa ikimsubiri nani.

Saa tisa na dakika moja, nyumbani kwake, akaliingiza koti, akabonyeza. Maji yaliingia vizuri. Ngoma ilipoanza kukamua, ulitoka mlio wa sufuria ya misumari ikitupwa ngazini, na mashine ikaanza safari ya kwenda jikoni. Rüdiger akaikumbatia kwa mkono mmoja, wa pili ukampigia bibi kwa namba aliyomwachia.

"Mama! Beringi za ngoma zimekufa!"

"Tangu Pasaka, mwanangu. Marehemu alikuwa akiishindilia mazulia. Watu wa jalala wanataka hela kuja kuichukua, nikawa nasubiri mtu mwenye nguvu."

"Na ile siki yote? Hukuwa unaogopa chokaa?"

"Siki kwenye mashine, ile mipira yake iharibike? Mimi natengeneza achari ya matango." Ikasikika chupa ikifungwa. "Lakini wasiwasi wa nini? Si ina pete?"

Simu ikakatika. Rüdiger alisimama katikati ya povu, koti lake moja tu likiwa limefungiwa ndani ya mlango uliogoma kufunguka. Mwishowe akaufungua mkoba, akatoa pete ya pili, akaivalisha kwenye mpira wa maji kando ya ile ya kwanza.

Kisha akainama, akatega sikio.