Nilivyompeleka Punda Ukweni

Leo nimeaibika jamani, na aibu yenyewe nimeibeba mwenyewe kwenye begi la laptop mpaka ukweni.

Mnaonijua mnajua natengeneza katuni. Peke yangu, chumbani kwangu hapa Ipuli, Tabora, kwa laptop iliyong'oka herufi mbili. Ni mfululizo kuhusu msafara wa wapagazi wa zamani, Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu. Humo ndani kuna punda anayelalamika tangu anapobebeshwa mzigo wa kwanza. (Ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote. Mkumbuke hilo mtakaponihukumu.)

Sasa, nimechumbia. Binti anaitwa Tausi, kwao ni Chemchem. Barua ya posa ilienda, jibu likarudi na mshenga wangu, Mzee Kapama: "Wanasema adabu unayo, ila katuni ni kazi gani? Njoo Jumapili uwaonyeshe. Wakiridhika, mke umepata." Mmeelewa? Ndoa yangu ilikuwa inaning'inia kwenye dakika nne za punda.

Kosa langu lilianza zamani kidogo. Sauti ya punda nilimpa dada mmoja wa hapa mtaani, anaigiza vizuri sana, lakini akashikwa na mafua wiki mbili. Na mimi nina programu mpya: unaipa picha, unaipa sauti, inachezesha mdomo yenyewe. Mkono ukaniwasha. Nikatafuta kwenye simu sauti yoyote ya mtu anayelalamika, nijaribie tu. Nikakuta ujumbe wa sauti ambao Tausi alinirushia siku moja tucheke: mama yake akilalamikia safari ya Urambo. Jua, magoti, mizigo.

Mama mkwe, ndiyo. Mtu ambaye mimi hata mkono simpi. Nikimwona sokoni nahama njia kwa heshima. Sauti yake nikaitia mdomoni mwa punda. (Ya muda tu! Ya kujaribia! Naapa!) Tena ilimkaa punda yule, nikawa nacheka peke yangu kama mwehu.

Jana yule dada akapona, akaja kurekodi. Nikaiambia programu ibadilishe sauti ya punda mwanzo mpaka mwisho. Ikaanza. Nikatazama kipande cha kwanza: sauti mpya, safi kabisa. Nikafunga laptop nikaenda kupiga pasi kanzu. Sikutazama mpaka mwisho. Narudia, kwa faida ya vizazi vijavyo: sikutazama mpaka mwisho.

Leo Chemchem, mimi na Mzee Kapama, tukapokelewa vizuri. Baba Tausi, fundi cherehani, alikaa kwenye kochi na miwani yake. Mama alibaki nyuma ya pazia la korido, kama inavyotakiwa, asikilize kutokea huko. Chai ya tangawizi ikaja, na vitumbua. Nikapanga mezani zile kadi ninazoandikia mpango wa hadithi, wazee waone kwamba kazi hii ina mipango. (Kiherehere hiki kitaniua.)

Nikabonyeza. Ngoma ikalia, msafara ukatoka, vumbi likatimka. Punda akasema neno lake la kwanza kwa sauti ya yule dada. Baba Tausi akacheka: "Huyu punda ana maneno!" Mzee Kapama akanikonyeza. Moyoni nilishaanza kuchagua suti.

Kikaja kipande cha pili. Punda akafungua mdomo.

"Jamani magoti yangu! Jua lote hili, mizigo yote mimi! Kwani humu mwenye mgongo ni mimi peke yangu?"

Kumbe bando la intaneti lilikata jana! Programu ilibadilisha kipande cha kwanza, basi, ikaishia hapo.

Baba Tausi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nyuma ya pazia ikatoka sauti ileile:

"Baba Tausi! Mbona mimi niko huku, na huko naongea?"

Nikakimbilia kusimamisha. Kwa pupa, badala ya kusimamisha nikaongeza sauti. Punda akapasua nyumba: "Na maji hakuna aliyenipa! Tangu asubuhi!"

Pazia likafunguka. Mama mkwe akatokea mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nianze kwenda pale. Akamtazama punda. Punda anaendelea, mdomo unafuata kila neno. (Programu nzuri sana ile, siwezi kuisingizia.)

"Tausi," akasema taratibu, "ule ujumbe niliokutumia wewe, kwa punda umefikaje?"

Tausi akachungulia kutoka jikoni, akarudi jikoni.

Mzee Kapama akajaribu kuniokoa. "Mama Tausi, hii ni sanaa tu. Punda ni mnyama wa heshima, ndiye aliyebeba..."

"Mzee Kapama, kunywa chai."

Akanywa chai.

Nikapiga magoti sakafuni. "Mama, nisamehe. Ilikuwa ya kujaribia tu." Nikiwa hapohapo chini, nasikia Baba Tausi ameokota kadi mezani, anasoma kwa sauti, pole pole, neno kwa neno:

"Punda. Mlalamishi. Sehemu ya tatu: anachoka, anaachwa porini, analiwa na fisi."

Akaigeuza. Nyuma nimeandika kwa mkono wangu: "Hapa watu wacheke."

Loh! Laiti ardhi ya Chemchem ingepasuka, ningeingia na laptop yangu.

"Kijana," akasema Baba Tausi, "kazi yako tumeiona. Tutakaa, tutawajibu."

Mama akarudi nyuma ya pazia. Mlangoni nikaliaga pazia hilo, nikaomba radhi tena. Tausi akatusindikiza hatua mbili tatu, macho chini. "Mama amesema leo haagi mtu kwa mdomo, asije akaota mkia."

Nimejifungia chumbani tangu saa kumi. Nina aibu, tena si ya kuchekelea. Yule mama kila Idi ananitumia sahani ya pilau. Magoti yake yanamuuma kweli, na mimi nikakaa hapa nikacheka.

Sasa hivi ujumbe wa Tausi umeingia. Nimeufungua kwa jicho moja: "Jibu bado. Ila mama anauliza, huyo punda ni lazima afe?"

Kadi nimeichana. Punda hafi! Anafika Bagamoyo amebebwa kwenye machela, magoti yanakandwa mafuta, maji anapewa kila hatua kumi, na fisi wote wamehama nchi. Nanyi mlioanza kucheka tangu juu huko, nawaomba, mke bado sijapewa: chekeeni nyuma ya pazia.