Marufuku ya Kumshtua Mbawakawa

Idara ya Utulivu wa Majini inatangaza kwa fahari kwamba bwawa la Hoikka, kaskazini mwa Ufini, limekabidhiwa wakazi wake halali, mbawakawa wazamiaji. Kuanzia leo, binadamu haruhusiwi kuingia humo. Utafiti umeonyesha kwamba binadamu huwashtua, hasa akiwa uchi.

Tangazo hilo nililibandika mwenyewe kwenye mlango wa sauna ya Mzee Taavetti Rautasalo, ambaye tangu utotoni hutoka kwenye mvuke na kujitosa bwawani.

“Nikishaiva humu, nikapoe wapi?” aliuliza.

“Idara inapendekeza kibarazani.”

“Mdudu anayekula vyura wazima ndiye atakayeshtuka kuniona mimi?”

Nikaripoti kwamba mdau ameelewa.

Mzee akakata rufaa, na Mkurugenzi Reijo Lappetela akaja kumsikiliza. Kwetu rufaa ya maana husikilizwa saunani. Mezani watu hudanganyana. Tukavua nguo, tukakaa.

“Sayansi iko wazi,” alisema Mkurugenzi.

“Panda benchi la juu, bosi, kwenye joto lenyewe. Hapo chini wanakaa watoto.”

Akapanda. Mzee akamwagia mawe ya moto maji, kata baada ya kata, bila chuki yoyote. Mkurugenzi aliiva kama nyanya, akataja heshima ya mbawakawa, kisha akashindwa kumalizia. Miguu ya Mfini haisubiri maelekezo. Ilimtoa mbio, ikampitisha mbele ya tangazo letu, ikamtosa bwawani.

Akaibuka. Kisha akatamka neno ambalo Idara hailitumii. Mtoto wa mbawakawa alikuwa amemng'ata paja.

“Mtoe,” aliniambia nilipomfikia ukingoni.

“Haruhusiwi kuguswa, Mheshimiwa.”

“Basi nitoe mimi.”

“Ukitoka naye, utakuwa umemhamisha mkazi halali.”

Mzee Taavetti alikaa kwenye ngazi ya sauna, mvuke ukimtoka mabegani. “Maji yakoje, bosi?”

Mkurugenzi alitetemeka. “Mazuri.”

“Na mimi je, niingie?”

“Ingia, Mzee. Ingieni wote. Marufuku imefutwa.”

Mzee akazama, akaogelea, akarudi bila mkwaruzo. Mdudu naye akashiba, akaondoka zake.

Mimi ni mtu wa ushahidi. Wawili waliingia majini, akaumwa mmoja. Tangazo jipya nililiandaa kwa uangalifu, na Mkurugenzi, ambaye siku hizi husaini akiwa amesimama, alilipitisha bila kulisoma: mbawakawa hawasumbuliwi na binadamu, bali na wakurugenzi.

Ombi lake la kuogelea nimelipokea. Linashughulikiwa.