Mapezi ya 504

Jumatatu, 4 Agosti
Mpwa wangu Brendah anaolewa Jumamosi, Kocholia. Gari la bibi harusi hutangulia msafara. Sasa wanaofuata wataona nini? Nyuma yake! Malaba nzima hakuna aliyefikiria hili ila mimi. Gari langu la zamani, 504, lina nyuma ya heshima, buti inateremka taratibu. Jirani yangu Otukei naye anataka kumbeba, kwa gari lake jipya. Nyuma lina taa moja nyekundu toka upande hadi upande, kama jiko la makaa. Aibu!

Jumanne, 5 Agosti
Dada yangu Roselida, mama wa bibi harusi, ameamua. Nitambeba mimi, bora nisilete mambo yangu. Mambo gani?

Jumatano, 6 Agosti
Nimechukua gauni la harusi kwa fundi kule Busia. Nikalifungia kwenye buti lisipate vumbi. Kurudi, foleni ya malori, masaa matatu. Utingo mmoja akanizunguka, akasema nyuma iko sawa, boss, lakini imechoka. Imechoka! Nikakumbuka magari ya zamani ya Wamarekani, yale yenye mapezi nyuma, kama ya samaki. Nimepitiliza hadi kwa Ochom, fundi wa kuchomelea. Nikaagiza mapezi, nikamwambia yashike kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti
Mapezi mawili, mekundu, marefu! Otukei ametazama, akaenda kuosha gari lake. Wivu. Jioni Roselida akaja kuchukua gauni. Buti haifunguki. Ochom amechomelea mapezi, mfuniko na ubavu, vyote pamoja. Anasema si nilitaka yashike?

Jumamosi, 9 Agosti
Tumekata buti asubuhi kwa grinda. Cheche moja ikaingia ndani. Gauni limetoboka, tena pale pa kukalia. Brendah alilia sana. Niliona aibu, nakiri, karibu nilie pia. Shangazi Eucabeth akashona utepe mkubwa juu ya tundu. Brendah akapanda kwa Otukei. Mimi nikawekwa mwisho wa msafara, bila mfuniko wa buti, nikimeza vumbi na kuitazama kwa mbali ile taa ya Otukei hadi Kocholia.

Jumapili, 10 Agosti
Roselida hajajibu salamu yangu. Lakini kanisani akina mama wanazungumzia nini? Utepe! Wanasema hawajawahi kuona gauni lenye nyuma nzuri hivyo. Na bila mimi lingekuwa na tundu? Binti wa Opolot, wa kanisani kwetu, anaolewa Septemba. Opolot amesema nisikaribie boma lake. Nimeshamwagiza Ochom mapezi manne.